Nyumba ya Zege Juu ya Udongo Mfinyanzi: Mfano wa Yaeda Chini na Nyanda za Juu za Mbulu

Mtahiniwa, mada hii inagusa masomo matatu kwa pamoja. Jiografia inakupa udongo na hali ya hewa, Kemia inakupa saruji, na Fizikia inakupa joto na nguvu. Wanafunzi wengi huzisoma sehemu hizi kila moja kivyake, kisha swali la matumizi likija hushindwa kuziunganisha. Hapa tutaziunganisha kwa kufuata nyumba moja ya kuishi, kuanzia mtaro wa msingi hadi ufa wa kwanza ukutani.

Shika jambo moja tangu mwanzo: kinachosumbua nyumba iliyo juu ya udongo mfinyanzi ni MAJI. Maji yakiongezeka au yakipungua upande mmoja wa nyumba kuliko mwingine, nyumba hupasuka. Maji yakizidi ndani ya zege, zege huwa dhaifu. Maji yakikosekana zege likiwa bado changa, haliwezi kukomaa. Hoja nyingine zote zinatoka hapo.

1. Eneo la mfano

Yaeda Chini ni kata katika wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Ipo kwenye bonde la Yaeda, ndani ya eneo la Bonde la Ufa. Katikati ya bonde kuna Ziwa Yaeda, ziwa la magadi ambalo maji yake hayana njia ya kutoka kwenda baharini. Msimu wa mvua hutanda maji, na kiangazi kikikolea hubaki tope na chumvi. Wenyeji wa bonde hilo ni Wahadzabe na Wadatoga, pamoja na Wairaqw walioshuka kutoka nyanda za juu.

Chini ya bonde ni joto na pakavu. Ukipanda ukingo kuelekea mji wa Mbulu, mwinuko unazidi mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Juni na Julai inauma. Kumbuka kanuni: kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 0.65 za Selsiasi kila unapopanda mita 100. Sehemu mbili zikitofautiana mwinuko kwa mita 700, tofauti ya joto ni:

700 ÷ 100 × 0.65 = nyuzi 4.55

Kwa hiyo fundi anayejenga bondeni na mwenzake anayejenga juu hawafanyi kazi ya aina moja, hata kama saruji wameinunua duka moja.

Zamani tatizo la nyufa halikuwa kubwa. Kibanda cha nyasi cha Wahadzabe ni chepesi na hujongea pamoja na ardhi. Nyumba ya miti na udongo ikipasuka hukandikwa upya. Nyumba ya tofali na zege ni nzito na ngumu. Ardhi ikijongea yenyewe haiwezi kupinda, hivyo hupasuka. Nyumba hiyo ndiyo ambayo familia huijenga kwa akiba ya miaka mingi, kwa fedha za vitunguu swaumu au za ng'ombe waliouzwa mnadani. Msingi ukikosewa, akiba hiyo imezikwa.

2. Udongo mfinyanzi hufanya nini?

Chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Zimekaa kama vibao vyembamba vilivyopangwa. Hata hivyo, si kila mfinyanzi una hatari. Tofautisha aina mbili:

(a) Kaolini. Vibao vyake vimeshikana kwa nguvu na maji hayaingii kati yake kwa urahisi. Hufura kidogo sana. Udongo mwekundu wa kwenye miteremko mara nyingi una kaolini.

(b) Smektaiti. Vibao vyake vimeshikana kwa ulegevu. Maji huingia katikati na kuvisukuma mbali. Udongo hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka. Udongo mweusi wa mbugani una smektaiti nyingi.

Kwa nini udongo mweusi uko chini na mwekundu uko juu? Mvua huosha madini ya kalsiamu na magnesiamu kutoka mteremkoni na kuyapeleka bondeni. Huko maji hutuama na madini hujikusanya, hali inayofaa smektaiti kuundwa. Mfuatano huu wa udongo kutoka kileleni hadi bondeni huitwa katena. Jina hilo lilitolewa mwaka 1935 na mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Kwa hiyo unapoandika neno katena katika mtihani, unatumia neno lililozaliwa kwa kuchunguza miteremko ya Afrika Mashariki.

*Dalili za udongo unaofura:* kiangazi hupasuka na kuacha nyufa pana na za kina. Masika hunata kwenye jembe na gari hukwama. Bonge kavu ni gumu kuvunja kwa mkono. Bonge bichi ukilisokota hutoa kamba ndefu isiyokatika.

*Jaribio la maabara.* Kausha udongo, usage, na uuchekeche kwa chekeche laini. Pima sentimita za ujazo 10 za unga huo. Umimine taratibu katika silinda ya sentimita za ujazo 100 yenye maji. Acha saa 24, kisha soma ujazo mpya.

Asilimia ya kufura = (ujazo mpya − ujazo wa awali) ÷ ujazo wa awali × 100

Ikiwa ujazo umetoka 10 hadi 21, basi (21 − 10) ÷ 10 × 100 = asilimia 110. Udongo unaofura chini ya asilimia 50 kwa kawaida hauna madhara makubwa kwa nyumba ndogo. Unaopita asilimia 100 unaweza kuivunja.

3. Mtego wa majira

Soma sehemu hii kwa makini, kwa sababu ndiyo inayotenganisha jibu la kawaida na jibu zuri.

Katika eneo letu mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Mei. Kiangazi ni Juni hadi Oktoba. Watu hujenga kiangazi kwa sababu barabara zinapitika, mavuno yameuzwa na mitaro haijai maji. Lakini wakati huohuo udongo mweusi umesinyaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Msingi unawekwa juu ya ardhi iliyojikunja, nao unaonekana imara. Mvua ya kwanza ndiyo itakayoupima.

Fuata hatua hizi:

(i) Mvua inaponyesha, udongo wa pembeni mwa nyumba hulowa kwanza. Wa katikati, chini ya sakafu, bado ni mkavu. Kingo huinuliwa, katikati hubaki chini.

(ii) Miaka ikipita, unyevu hujikusanya chini ya sakafu kwa sababu jua haliwezi kuukausha. Kiangazi kikija, udongo wa pembeni hukauka na kusinyaa, wa katikati hubaki umefura. Sasa kingo hushuka na katikati hubaki juu.

(iii) Kila mwaka nyumba hupandishwa na kushushwa hivyo. Zege na tofali hustahimili sana mgandamizo lakini hustahimili kidogo sana mvutano. Panapovutwa ndipo panapopasuka.

Angalizo: udongo ukifura sawasawa chini ya nyumba nzima, nyumba yote huinuka pamoja na inaweza isipasuke. Kinachovunja ni TOFAUTI ya mjongeo. Usiandike tu kwamba "udongo hufura". Andika kwamba hufura bila usawa.

4. Kusoma ufa

| Ufa unavyoonekana | Maana yake |
|---|---|
| Mpana juu, mwembamba chini | Kingo za nyumba zimeshuka, katikati imebaki juu |
| Mpana chini, mwembamba juu | Kingo zimeinuka au katikati imeshuka |
| Wa ngazi, ukifuata viungo vya tofali kutoka pembe ya dirisha au mlango | Msingi umejongea bila usawa. Ufa umeanzia mahali dhaifu |
| Nyufa nyembamba nyingi juu ya sakafu tu | Zege lilikauka haraka mno. Si kosa la udongo |

Mstari wa mwisho wa jedwali ni muhimu. Si kila ufa umetoka ardhini, na tiba ya ufa hutegemea chanzo chake. Kuziba kwa saruji ufa uliotokana na udongo ni kazi bure, kwa kuwa msimu unaofuata utafunguka tena.

5. Zege: kinachotokea ndani

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Halikauki kama tope linavyokauka, bali hukomaa kwa mmenyuko wa kikemikali kati ya saruji na maji. Mmenyuko mkuu ni huu:

2(3CaO·SiO₂) + 6H₂O → 3CaO·2SiO₂·3H₂O + 3Ca(OH)₂

Zao la kwanza ndilo gundi inayoshika mchanga na kokoto. La pili ni chokaa iliyolowa, ambayo huifanya zege kuwa na hali ya besi na kuikinga nondo isishike kutu. Mmenyuko huu hutoa joto.

*Vipimo.* Kwa nyumba za kawaida uwiano unaotumika sana ni 1:2:4, yaani saruji sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja unahitaji mchanga ndoo 3 na nusu na kokoto ndoo 7. Usipime kwa koleo, kwa maana koleo moja hujazwa mlima na jingine hubeba nusu.

*Maji.* Kwa mfuko mmoja, maji yawe karibu lita 25, yaani uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 kwa uzito. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza. Vibarua hupenda kuongeza maji ili zege lisombeke kirahisi. Maji ya ziada hayaingii kwenye mmenyuko. Hutoka baadaye na kuacha vitundu. Ukitoka lita 25 hadi lita 35 kwa mfuko, unaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu ya zege au zaidi, ingawa saruji uliyonunua ni ileile.

*Maji gani?* Kanuni rahisi: yanayofaa kunywewa yanafaa kuchanganyia zege. Maji ya ziwa la magadi na mchanga wa ukingoni mwake havifai. Chumvi za kloraidi huharakisha kutu ya nondo, na nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

6. Baridi na joto

Kasi ya mmenyuko hutegemea joto. Kwa makadirio, joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi hupungua kwa karibu nusu. Joto likikaribia nyuzi 5, zege hukomaa polepole mno. Nguvu ya zege hupimwa rasmi baada ya siku 28, lakini kipimo hicho hufanyika katika joto la karibu nyuzi 20. Zege lililomwagwa Mbulu mwezi Julai huchelewa kufikia nguvu hiyo. Basi fundi asing'oe mapema miti iliyoshikilia lenta kwa sababu tu "siku zimetimia".

Linganisha na Winnipeg, Kanada. Mji huo umejengwa juu ya mfinyanzi mzito uliotuama chini ya ziwa la kale liitwalo Agassiz, na wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri. Huko ardhi yenyewe huganda. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, hivyo zege changa likiganda huharibika. Mafundi wa nchi za namna hiyo huchemsha maji ya kuchanganyia, hufunika zege kwa mablanketi maalumu, na hawamwagi zege juu ya udongo ulioganda. Huongeza pia dawa inayoacha viputo vidogo vya hewa ndani ya zege, ili maji yakiganda yapate nafasi ya kutanukia.

Mbulu ardhi haigandi hivyo. Usikopi jibu la Kanada ukaliandika kwa Tanzania. Kwetu baridi huchelewesha, haivunji. Hatua zinazotosha ni hizi:

| Nyanda za juu (baridi) | Bondeni (joto na upepo) |
|---|---|
| Mwaga zege asubuhi, lipate joto la mchana kabla ya usiku | Mwaga asubuhi na mapema au jioni |
| Funika usiku kwa turubai au majani makavu | Funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni |
| Chelewa kuondoa mbao na miti ya kushikilia | Mwagilia mara kwa mara, hasa siku 7 za mwanzo |

Sehemu zote mbili, zege libaki na unyevu kwa siku zisizopungua 7. Kwenye baridi ongeza siku.

7. Kuzuia madhara

Zipange hatua kwa mfuatano wa kazi, kuanzia za bei nafuu.

1. *Chagua kiwanja.* Panda mteremkoni kidogo kwenye udongo mwekundu, moramu au mwamba. Hatua hii haina gharama ya saruji, nayo hushinda nyingine zote.

2. *Ondoa udongo mweusi.* Kama huna kiwanja kingine, chimba na ujaze moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata.

3. *Shuka chini.* Udongo wa juu hubadilika unyevu kila msimu, wa kina hubadilika kidogo. Kwenye udongo mweusi mtaro wa sentimita 60 hautoshi. Mara nyingi huhitajika mita 1 na nusu au zaidi.

4. *Funga nyumba kwa nondo.* Mkanda wa zege wenye nondo juu ya msingi, na mwingine usawa wa lenta, hufanya kuta zijongee kama kitu kimoja. Nondo hubeba mvutano ambao zege haliwezi. Ziachie nafasi ya sentimita 5 kutoka kwenye udongo ili zege lizifunike. Ukubwa na idadi yake ipangwe na mhandisi.

5. *Ongoza maji.* Weka mifereji ya paa. Zungushia nyumba sakafu ya nje yenye upana wa mita 1, ikiinama sentimita 5 kuelekea nje. Bafu na karo visimwage maji karibu na msingi.

6. *Miti ikae mbali.* Mizizi hunyonya maji na kukausha udongo upande mmoja. Umbali usipungue urefu wa mti uliokomaa.

7. *Chokaa.* Ikichanganywa na udongo mfinyanzi, kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu kati ya vibao na kupunguza kufura. Hutumika zaidi barabarani.

Hatua ya 5 na ya 6 zinaweza kufanywa hata kwa nyumba iliyokwisha kujengwa. Ukiombwa ushauri kwa ajili ya nyumba yenye nyufa tayari, anza na hizo.

8. Mfano wa hesabu

Mitaro ya msingi wa nyumba ina jumla ya urefu wa mita 36, upana mita 0.6. Zege la msingi lina unene wa mita 0.2. Mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 inahitaji karibu mifuko 6.3 ya saruji. Mifuko mingapi itatosha?

Ujazo = 36 × 0.6 × 0.2 = mita za ujazo 4.32
Mifuko = 4.32 × 6.3 = 27.2
Jibu: mifuko 28. Mfuko haununuliwi kwa vipande, hivyo kadiria kwenda juu.

9. Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini nyumba iliyojengwa kiangazi juu ya udongo mweusi inaweza kupasuka mvua za kwanza. (alama 5)
2. Ukuta una ufa mpana juu na mwembamba chini. Taja kilichotokea ardhini na hatua mbili za kuchukua. (alama 4)
3. Fundi ameongeza maji ili zege lisombeke kirahisi. Mweleze madhara yake. (alama 3)
4. Linganisha athari za baridi kwa zege la Mbulu na la Winnipeg. (alama 6)

*Jibu la mfano, swali la 1:* Udongo mweusi una smektaiti, madini yanayoruhusu maji kuingia kati ya vibao vyake. Kiangazi maji hupungua na udongo husinyaa, hivyo msingi huwekwa juu ya ardhi iliyoshuka. Mvua zikianza, udongo wa pembeni mwa nyumba hulowa na kufura kabla ya ule wa chini ya sakafu. Kingo huinuliwa huku katikati ikibaki chini. Kuta hupata mvutano ambao tofali na zege haviwezi kustahimili, na nyufa hutokea, hasa kwenye pembe za milango na madirisha.

Hesabu hoja katika jibu hilo: madini, kiangazi, mvua, tofauti ya mjongeo, mvutano. Ni hoja tano kwa alama tano. Yajibu maswali mengine matatu kwa namna hiyohiyo, bila kufungua kitabu. Kisha tembea mtaani kwenu utafute ufa mmoja ukutani, uusome kwa kutumia jedwali la sehemu ya 4. Na siku mzee nyumbani atakapokuwa anapanga kununua saruji, mwambie aanze kwa kupasua bonge la udongo wa kiwanja chake na kulichunguza. Ushauri huo hauna gharama, na unaweza kuokoa nyumba nzima.